Moto wa Kuotea Mbali

Shule ya kwanza kunijibu kutoka Muscat niliiita genge la matapeli. Sikuishia kuwaza. Niliandika, nikatuma, kisha nikaifungia namba yao. Ujumbe wao ulikuwa na adabu mno, nami hiyo nikaihesabu kuwa dalili ya kwanza. Walisema wamepokea maombi ya watoto wangu wawili na wangependa kuwasaili kwa video siku ya Jumapili, saa nne asubuhi kwa saa za Oman. Jumapili! Nimezaliwa Nyasho, mjini Musoma, nimekulia Nyasho, na sijawahi kuona ofisi ya shule ikifunguliwa Jumapili pasipo msiba. Chini kabisa wakataja ada ya usaili, ilipwe mapema. Mtu aliyekwisha kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii" mara ishirini hahitaji kufundishwa. Nikawajibu kwa Kiingereza chote nilichobakiwa nacho tangu kidato cha nne: nendeni mkatafute wajinga Bunda, Musoma mmechelewa.

Jioni yake mke wangu akanipigia kutoka hukohuko Muscat. Alianza kwa kunyamaza, na mimi kunyamaza kwake nakuogopa kuliko makelele.

"Baba watoto," akasema hatimaye, "huku Jumapili ndiyo Jumatatu. Watu wanapumzika Ijumaa na Jumamosi."

"Tangu lini?"

"Tangu 2013. Kabla ya hapo walikuwa wanapumzika Alhamisi na Ijumaa."

Nikapata nafuu kidogo. Nchi iliyohamisha wikiendi yake yenyewe haiwezi kumlaumu mtu wa Nyasho kwa kuchanganyikiwa. Shule, hata hivyo, ilinilaumu, na nafasi ikaenda.

Niseme tulifikaje huko. Mke wangu ni muuguzi. Mwaka juzi alipata mkataba katika hospitali moja ya Muscat akatangulia, akaniacha na watoto, mbuzi watatu na banda langu la spea za bodaboda karibu na soko la Nyasho. Tulikubaliana kwamba nitafunga banda nimfuate, lakini kwanza nitafute shule. Kijiweni waliipokea habari hiyo kama walivyoipokea ile ya Simba kufungwa. "Kwa hiyo mzee unaolewa Uarabuni," akasema mmoja, na kahawa ikawatoka watu puani. Tangu siku hiyo nikaitwa Waziri wa Elimu, maana mwenzangu alikuwa ameshachukua Fedha na Mambo ya Nje.

Wizara yangu ilikuwa na mshauri mmoja, mwalimu mstaafu ambaye hunywa kahawa yake bila kashata na husahihisha watu wakiwa bado wanaongea. Nilipotaja "shule ya kimataifa" akauliza maana yake ni nini. Fundi cherehani akadakia kwamba kama ni mataifa kuchanganyika, hata pale Sirari zipo: mtoto anaamka Kenya, anakunywa chai, anavuka mpaka anasoma Tanzania, na hakuna aliyemtoza dola. Mwalimu akamtuliza. Akatueleza kwamba shule za namna hiyo zilianza Geneva mwaka 1924, kwa ajili ya watoto wa maofisa wa Ushirika wa Mataifa waliokuwa wakihamishwa hamishwa, na kwamba hata ile ya Moshi ilianza mwaka 1969 kwa sababu madaktari wa kigeni wa hospitali ya KCMC walikuwa na watoto. "Kwa hiyo si shule za matajiri," akahitimisha, "ni shule za watu wanaohama." Nikajisikia vizuri sana. Mimi ni mtu anayehama.

Kisha ikaja karatasi ya ada.

Shule ya pili ilikuwa ya mtaala wa Kiingereza, yenye bwawa la kuogelea na farasi kwenye picha. Ada ya muhula ilikuwa imeandikwa 1,450.000. Nikaisoma kama inavyosomeka: milioni moja, laki nne na nusu. Kwamba waliweka nukta pale ambapo sisi tungeweka mkato niliona ni uchovu wa mchapaji. Nikalinganisha na shule za inglishi midiamu za hapa Musoma, nikaona ni ghali lakini si ya kumwua mtu, hasa ukihesabu na farasi. Nikaenda kijiweni nikatangaza. Jirani yangu anayeuza dagaa akaniuliza kwa upole kama naweza kumbeba na wa kwake, atanitumia hiyo milioni na nusu kila muhula, dagaa wamekubali mwaka huu.

Bahati mbaya nchi ile ina sarafu yenye heshima zake. Riali moja hugawanywa kwa baiza 1,000, kwa hiyo bei zao huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Ile 1,450.000 si milioni. Ni riali elfu moja mia nne na hamsini, na sufuri tatu za baiza zimekaa pale kwa ajili ya kusalimia tu. Na riali yenyewe tangu 1986 imefungwa kwenye dola mbili na senti sitini za Kimarekani, haishuki haipandi, ambayo kwetu ni zaidi ya shilingi 6,000. Nilikokotoa nyuma ya risiti ya plagi za pikipiki. Mtoto mmoja, muhula mmoja, milioni 9 na ushee. Mihula mitatu. Watoto wawili. Ikafika milioni 56, nikaacha, maana risiti ilikuwa imekwisha na banda zima, pamoja na rafu zake, halifiki huko. Jirani wa dagaa nilimwambia nafasi zimejaa.

Shule ya tatu ilikuwa ya mtaala huohuo lakini bila farasi. Hawa walitaka ripoti za watoto kwa Kiingereza, zimetafsiriwa na mtu anayetambulika na kugongwa mihuri: ya shule, ya Wizara ya Mambo ya Nje, ya ubalozi wa Oman kule Dar es Salaam. Mihuri niliipata. Ilinichukua wiki tano na safari ambayo nauli yake sitaki kuikumbuka. Kilichonishinda ni mfasiri.

Binti yangu mkubwa alimaliza la nne vizuri, wa tatu kati ya wanafunzi 142, na mwalimu wake wa darasa, kwa mapenzi, akaandika kwenye maoni: "Anaongea mno, lakini ni moto wa kuotea mbali." Mfasiri alikuwa kijana mwaminifu wa steshenari moja mjini. Alitafsiri neno kwa neno, kama alivyolipwa. Siku chache baadaye shule ikaniandikia. Walinishukuru kwa kuwa muwazi. Wakauliza, bila kutaka kuingilia mambo ya familia, kama tukio la moto lilisababisha majeruhi, na kama mtoto anapata ushauri nasaha. Wakaongeza swali la pili: namba 142 ni idadi ya wanafunzi wa shule nzima?

Hilo la moto nililieleza kwa kurasa mbili. La 142 nilijibu kwa neno moja, ndiyo, na Mungu anisamehe. Ningewaambiaje kuwa huo ni mkondo mmoja?

Wakakubali kuwasaili. Safari hii nilijua Jumapili ni siku ya kazi. Saa nne ya Muscat ni saa tatu ya Nyasho, maana wametutangulia saa moja, na saa tatu ya Jumapili sisi huwa kanisani. Nikawaombea watoto ruhusa kwa katekista, ambaye alinitazama kama mtu aliyekwisha kuuza imani kwa riali. Nikaazima kompyuta ambayo betri yake ilikufa zamani, haiwaki bila kuchomekwa ukutani. Nikanunua bando la wiki. Nikamfunga jogoo ndani ya gunia. Nikawaomba majirani wasipige muziki. Wakanielewa kiasi kwamba waliacha muziki, wakaja wote dirishani kushuhudia.

Alianza mdogo, wa darasa la kwanza. Mwalimu, mama mmoja mwenye sauti ya pole, akamwuliza kwa Kiingereza chepesi angefanya nini akimwona rafiki analia. Mtoto akafikiri. "Nitasema kwa mama yake," akajibu. Dirishani wakapiga makofi. Kisha akaonyeshwa picha ya kiboko, akaambiwa atunge hadithi. Mtoto akasema kiboko huyu hutoka ziwani usiku, hula mihogo ya babu, na siku moja babu alipotoka na tochi ilibidi apande mwembe akae hadi asubuhi. Mwalimu akacheka, akaandika, nami nikaiona baadaye kwenye barua: ana uwezo mkubwa wa kubuni. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna kilichobuniwa, mwembe upo, na babu mpaka leo mgongo unamuuma. Nikaona ni alama, tuziache.

Zamu ya mkubwa. Akaulizwa kama anajua kuogelea na amefikia ngazi ya ngapi. Akasema anaogelea Ziwa Victoria. Mwalimu akauliza, kuna mlinzi wa waogeleaji? Binti akasema ndiyo, kuna mtu wa kutazama mamba. Pale mwalimu akafumbua mdomo na kioo kikawa cheusi, nikadhani amekata kwa mshtuko. Ilikuwa LUKU imeisha.

Nikakimbia kununua umeme. Wakala wa kwanza yuko kanisani. Wa pili yuko kanisani. Wa tatu ni Mwislamu, Mungu ambariki, akanipa tokeni ya namba ishirini, nikakosea ya kumi na saba, nikaanza upya huku dirisha zima likinisomea namba kwa sauti, kila mmoja na yake. Tuliporudi hewani mwalimu alikuwa ameshaaga.

Majibu: mdogo amepita, mkubwa yuko kwenye orodha ya kusubiri. Isitoshe, shule za Kiingereza huanza mwaka Septemba. Kama wangemchukua Aprili, binti yule angekuwa la nne Novemba, la tano Januari, angemalizia mwaka wa tano wa Kiingereza kufikia Juni na kuingia wa sita Septemba. Kijiweni wakasema huko si kusoma, huko ni kuruka viunzi. Mwalimu mstaafu akakumbusha, kwa mara ya mia, kwamba Nyerere alianza shule Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka 12, akitokea Butiama, kilomita 40 na ushee, na hakuna aliyemwonyesha picha ya kiboko.

Tukaondoka hivyohivyo, Aprili, bila shule. Basi hadi Mwanza, ndege hadi Dar, kisha Muscat, tukateremka kwenye joto lililomfanya mwanangu mdogo aulize nani ameacha tanuri wazi.

Nyumba aliyopanga mke wangu iko Seeb, ghorofa ya chini, na juu yetu anakaa bibi mmoja, mama yake mwenye nyumba. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiarabu nilichokariri kwenye ndege. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Pole na safari, mwanangu. Mmetoka Bara upande gani?" Kiswahili cha Unguja, kimenyooka, kinanifanya mimi wa Mara nianze kuchunguza kila r na l kabla haijatoka. Nikasema Musoma. "Aa, kwenye dagaa wa Mwanza!" Nikasema, bibi, kuna dagaa wa Musoma. Akasema dagaa ni dagaa. Mambo mengine huwezi kubishana na mwenye nyumba.

Yeye ndiye aliyemaliza kazi ya wizara yangu, kwa dakika kumi na kikombe cha kahawa ya iliki. Alisomea Unguja, akaja Oman miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi. Sultani alipoingia, akaniambia, nchi nzima ilikuwa na shule tatu za kisasa, za wavulana watupu, wapatao 900. "Sisi shule yetu ya kimataifa ilikuwa Unguja," akasema. "Sasa wewe umekuja na makaratasi kwetu. Dunia hii!" Akacheka hadi mtandio ukateleza. Kisha akauliza, "Basi la shule ya Wahindi linapita hapo mlangoni. Umeshawauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Shule za Wahindi zipo Muscat tangu 1975, zinafuata mtaala wa Delhi, na hupokea hata wasio Wahindi nafasi ikiwepo. Mwaka wao huanza, wasomaji, mwezi Aprili. Nilikuwa nimetafuta miezi mitano, na jibu linapiga honi chini ya dirisha kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ada yao hulipwa kwa riali ambazo ukizizidisha kwa 6,000 mtu anaweza bado kula usiku huo. Usaili ulikuwa wa karatasi, na hesabu nyingi. Mkubwa, mtoto wa mkondo wa watu 142, alizimaliza kabla ya muda, akaanza kumwelekeza jirani yake.

Sasa wanasoma Kihindi, lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuwasahihisha, na wameshagundua faida yake. Ripoti ya kwanza imekuja mwezi uliopita. Mwalimu wa mkubwa ameandika kwamba ni hodari lakini anaongea mno darasani. Hiyo sikuipeleka kwa mfasiri. Niliipiga picha nikaituma kijiweni.

Na kwa ile shule ya kwanza: namba yenu nilishaifungua, na samahani. Watu wa Bunda nao wanisamehe.