Jinsi ya Kulimaliza Fumbo la Gazeti Bila Kuyajua Majibu

Ndugu yangu wa Karagita, wiki nzima umesimama ndani ya grinihausi ukikata waridi, au umeinamia meza ya pakihausi ukipanga mashina kwa urefu. Sasa ni Jumapili. Kwa kinyozi, kando ya barabara ya Moi South Lake, kuna benchi na gazeti, na ndani ya gazeti kuna fumbo la maneno ambalo kila aliyelishika amelitazama, akakohoa, akafungua ukurasa wa michezo. Wewe hutafungua ukurasa wa michezo. Utalimaliza fumbo hilo mbele ya watu, na nitakupa kila njia ya mkato ninayoijua.

Kwanza ondoa haya. Mtunzi wa fumbo alikuwa na meza, kamusi na utulivu, tena aliyajua majibu kabla ya kuandika maswali. Wewe una kalamu ya kuazima na mashine ya kunyoa inayonguruma kando ya sikio. Hila ninazokufundisha zinapunguza pengo lililopo kati yenu, na mimi nasimama upande wako.

Hatua ya kwanza: tafuta gazeti la jana

Gazeti likichapisha fumbo leo, kwa kawaida hutoa majibu katika toleo linalofuata. Basi mwache mwenye haraka ahangaike na fumbo la leo. Wewe chukua gazeti la leo, tazama majibu ya fumbo la jana, yashike kichwani au uyaandike kiganjani, kisha lichukue la jana na ukae nalo mahali penye watu. Karagita gazeti la jana halina mwenyewe; liko kwa kinyozi, liko kibandani kwa mama wa chai, na hakuna atakayekuuliza tarehe.

Sikiliza hapa, kwa sababu wengi hunaswa kwenye jambo dogo. Usijaze kwa mpangilio. Anayenakili huanza namba 1, akaenda 2, akaenda 3, mkono haujasita hata mara moja. Mtu anayefikiri hurukaruka. Anza katikati, nenda kona ya chini, rudi juu. Neno moja jepesi liache tupu makusudi, ulikunjie uso, kunywa chai, kisha ulijaze ghafla huku ukitikisa kichwa. Watu hupenda kumwona mtu akishinda kitu kilichokuwa kimemshinda.

Hatua ya pili: kalamu ya wino

Penseli inatangaza hofu. Andika kwa wino, herufi kubwa, polepole. Pale ambapo huna hakika, andika O ambayo haijafunga vizuri juu, ili kesho iweze kuwa U bila kufutwa. I na E pia husikilizana ukiuvuta mkono kidogo.

Hatua ya tatu: acha Kiswahili kikufanyie kazi

Hapa ndipo penye utajiri, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu huhitaji kuibia mtu yeyote. Lugha yenyewe imekuachia mlango wazi.

Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa vokali. Kabla hujasoma swali hata moja, tayari unajua kwamba kisanduku cha mwisho cha kila neno ni A, E, I, O au U. Ikiwa swali linataka kitenzi, weka A na uendelee: kata, panda, chuma, nyunyizia. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu ndivyo vitakavyokuponyoka, kama jibu, rudi, samehe na sahau. Ukiona mwisho umekataa A, fikiria Uarabuni.

Swali likisema mtu ametendewa jambo, mwisho ni WA. Likisema amesababisha jambo litokee, jaribu SHA au ZA. Wakitendeana, ni NA. Likitaka watu wengi, mwanzo ni WA; vitu vingi, jaribu VI, MA au MI. Wanyama wengi hawabadiliki, kwa hiyo ng'ombe mmoja na ng'ombe mia wanaenea katika visanduku vilevile. Kwa ujanja huu pekee unaweza kujaza vichwa na mikia ya nusu ya fumbo, na anayekuchungulia begani akaona kurasa zimejaa wino.

Bado kuna zawadi nyingine. Alfabeti yetu haina Q wala X. C haitembei bila H, kwa hiyo ukipata moja umepata mbili. Na konsonanti inayotangulia B, karibu kila mara, ni M: mbuzi, kamba, shamba, sambaza.

Majina ya mahali ndiyo huvunja sheria, nawe wa Karagita hupaswi kushindwa nayo. Swali likitaka mlima wa volkano wa mita 2,776 wenye herufi nane, na la mwisho likakataa vokali zote tano, inua macho kutoka gazetini. Ni LONGONOT, unauona kutoka hapo ulipo. Ziwa la maji baridi ambako ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua miaka ya 1930? Herufi nane vilevile, nalo liko nyuma ya vyoo vya ploti. Mahali panapozalisha umeme kutoka kwa mvuke wa ardhini tangu 1981? OLKARIA, herufi saba. Na likija swali fupi, "huchumwa, pia ni kutoa roho, pia ni uzio," usipoteze wakati. Visanduku viwili, UA. Mtunzi anayelipenda neno hilo hajawahi kufikiria kwamba kuna mji mzima unaolipa kodi ya nyumba kwalo.

Hatua ya nne: kosea kwa sauti

Hii ndiyo hila kuu, na Karagita ndipo mahali pake bora zaidi nchini. Mashamba ya maua yameleta watu kutoka kila kona ya Kenya. Ploti moja ina mtu wa Siaya, wa Kakamega, wa Kisii, wa Machakos, wa Nyandarua, wa Lodwar, na chumba cha mwisho kina kijana wa Kilifi aliyekuja kutafuta kazi. Kila mmoja amebeba maneno ya kwao ndani ya Kiswahili. Hiyo ni kamusi yenye milango kumi na bomba moja la maji.

Lakini usiwaulize. Ukiuliza umetangaza kwamba hujui, na wao watasema hawana nafasi. Binadamu hapendi kusaidia kama anavyopenda kusahihisha. Kwa hiyo kosea, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Tuseme swali linataka sehemu ya mbele ya jahazi, herufi tatu. Geuka kwa kinyozi, wala si kwa kijana wa Kilifi, useme: "Unajua watu wa bara hawaelewi kwamba mbele ya jahazi huitwa tezi." Kisha nyamaza. Kijana wa Kilifi hawezi kuvumilia. Atasema, "Tezi ni nyuma, mzee! Mbele ni omo." Umepata OMO, na ikiwa TEZI imo mahali pengine kwenye fumbo, umepata mawili kwa uongo mmoja. Watunzi wanapenda sana maneno ya bahari, mlingoti, foromali, kusi, kaskazi, demani, kwa hiyo mtu wa pwani mkalishe karibu na umnunulie mandazi.

Mvuvi wa ufukweni mwa Karagita, hasa aliyetoka Ziwa Victoria, ana samaki wote: mbuta, ngege, omena, kamongo. Mwambie kwamba kamongo ni aina ya kambare, kisha ushike kalamu. Mwenye duka Mwislamu ana miezi, Rajabu na Shaabani. Bibi anayeuza sukuma ana methali, na methali ni zawadi tupu, maana mtunzi hukupa nusu na bibi atakupa nusu nyingine hata kabla hujamaliza kusoma. Sema "haba na haba hujaza ndoo" na utasikia "kibaba!" kutoka upande wa pili wa barabara.

Akishakusahihisha, mpe heshima yake papo hapo. Sema, "Kumbe. Wewe unakijua Kiswahili." Usijitetee. Yeye ataondoka kifua mbele, nawe umebaki na neno. Nimeona mabenchi yaliyokuwa kimya yakichangamka kwa ubishi wa namna hii hadi mteja akasahau kwamba amenyolewa upande mmoja, na ninaamini kwa dhati kwamba fumbo lilikusudiwa liliwe hivi, na watu wengi.

Hatua ya tano: simu na kamusi

Simu itumie kwa siri. Pokea "simu" isiyokuwapo, tembea hadi kwenye lango, tafuta neno, rudi ukisema "Sawa, kesho." Kamusi ya karatasi ni tofauti, hiyo ibebe waziwazi. Ukiwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, iweke chini ya kiti, jalada likionekana. Mtu mwenye kamusi hata asipoifungua huheshimiwa.

Hatua ya sita: ukikwama kabisa

Kuna dakika ambapo hila zote zimekwisha na macho yote yako kwako. Hapo simulia. Waambie kwamba fumbo la kwanza la namna hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likachapishwa katika New York World tarehe 21 Desemba 1913, na lilikuwa na umbo la almasi. Waambie kwamba Januari 1942, vita vikiwa vimechacha, gazeti la Daily Telegraph la London liliwaita wasomaji wajaribu kulimaliza fumbo kwa chini ya dakika 12, na baadhi yao baadaye wakaitwa Bletchley Park kuvunja ujumbe wa siri wa Wajerumani. Simulia hayo polepole, ukigonga kalamu kwenye visanduku vitupu. Watu watakuona kama mmoja wa hao, na hakuna atakayehesabu visanduku.

Au waonyeshe umbo la fumbo lenyewe. Mafumbo mengi yanayofuata desturi ya Uingereza, ukiligeuza gazeti juu chini, visanduku vyeusi hukaa palepale. Ligeuze mbele yao. Halikupi jibu lolote, lakini linakupa muda wa kufikiri, na muda ndio uliokuwa ukiutafuta.

Hatua ya mwisho: shindwa kama mwenye mali

Kona moja itabaki, hubaki siku zote. Usiipigie kelele, usiijaze kwa herufi za uongo zitakazokuumbua kesho majibu yakitoka. Mtafute mtoto wa Gredi ya Sita aliyeletwa kunyolewa, mpe gazeti na kalamu, mwambie mbele ya wote: "Hizi nne nimekuachia wewe. Ni nyepesi." Akizipata, wewe ndiye mwalimu. Asipozipata, ana umri wa kutozijua. Na mama yake akijiunga kumsaidia, kama ninavyoomba ajiunge, sogea kidogo kwenye benchi, mpe nafasi, na sikiliza vizuri anachosema kuhusu namba 17 wima, kwa sababu Jumapili ijayo neno hilo litarudi.