Sifa za mshenga asiyetumwa

Washenga tunaowajua hutumwa. Hubeba posa, hungoja jibu, hurudi nalo. Huyu wa kwenye programu za ripoti hatumwi na mtu. Pakia majedwali mawili yenye safu za jina moja, ukigeuka ameshayaozesha. Wachoyo wa sifa humwita kasoro ya modeli ya data. Mimi namwita mchapakazi.

Mtazame kwenye QlikView au Qlik Sense. Akiona majina ya safu yamefanana herufi kwa herufi, ndoa imepita. Yakifanana mawili au zaidi, hujenga na nyumba kabisa: jedwali la kati ambalo hakuna aliyeliomba, lenye ufunguo uitwao $Syn 1. Na majedwali yenye safu zilezile zote huyafanya kitu kimoja, mahari hakuna.

Tuseme jedwali la Wateja lina NambaMteja, Jina na Tarehe, yaani siku mteja alipoandikishwa. La Ankara lina NambaMteja, Tarehe na Kiasi, na Tarehe hapa ni siku ya mauzo. Mtu wa kawaida angetosheka na namba. Mshenga wetu ana masharti: ankara haiwi ya mteja mpaka namba na tarehe zilingane zote mbili. Basi mama aliyenunua kwako miaka yote, isipokuwa siku ile aliyoandikishwa, jina lake kwenye ankara linageuka kistari. Jumla kuu ya mauzo haikuguswa hata senti, ndiyo maana ofisi nzima imetulia. Lakini bofya jina lake uone: hajawahi kununua hata kiberiti.

Ukarimu wake hasa uko kwenye kujumlisha. Ankara ya shilingi 100,000 ina bidhaa 3 na imelipwa kwa awamu 2. Unganisha vyote katika jedwali moja kwa namba ya ankara, unapata mistari 6, kila mmoja umebeba ile 100,000 yake. Jumlisha: 600,000. Duka halijauza soksi ya ziada, na meneja wa mauzo ameshaanza kuandika hotuba.

Wazee wa fani walimwogopa. Edgar Codd, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyoweka msingi wa hifadhidata za mahusiano, alishaonya: muuzaji kuuza kipuri fulani, na mradi kutumia kipuri hichohicho, si ushahidi kwamba muuzaji huyo ndiye anayeuhudumia mradi huo. Onyo limesomwa vyuoni miaka yote hii, na mshenga hajakosa kazi hata siku moja. Wachambuzi wa data nao wanakula kwa jasho lake. Nani angewaita usiku kama ripoti zote zingekuwa sahihi?

Maadui zake nawajua. Huhesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha. Hufungua mchoro wa modeli na kuuliza kila mstari umetoka wapi. Wakishamkamata, huandika kwenye skripti Tarehe AS TareheUsajili, na ndoa imevunjika palepale.

Nawasihi ndugu zangu, msiandike hivyo wiki hii. Bodi inakutana Jumatatu, na bonasi bado haijalipwa.