Heko, Sigara ya Rejareja

Kaunti yetu haina uchoyo wa sifa. Fahali akishinda pigano la Khayega, anasindikizwa kwa ngoma za isukuti hadi nyumbani. Ingokho, kuku wetu, ikiiva vizuri, mgeni ataisimulia mpaka Nairobi. Hata wanasiasa tunawasifu, tena kwa malipo duni. Lakini sijasikia mtu akisimama kuisifu sigara inayouzwa moja moja vibandani, nami nina deni nayo. Nafanya kazi ghorofani, na chini ya dirisha langu, karibu na steji hapa Kakamega mjini, pana kibanda. Moshi wa wateja wake hunipandia kila siku ya kazi. Sijanunua hata moja maishani, na sijawahi kukosa mgao wangu.

Itazame kwanza ilivyo nyenyekevu. Haijifichi ndani ya pakiti. Husimamishwa pamoja na nyenzake ndani ya mkebe wa Kimbo uliokwisha mafuta zamani, kando ya peremende za koo. Pembeni kinaning'inia kiberiti cha gesi, kimefungwa kwenye wavu wa dirisha kwa kamba ya kiatu. Kamba ni fupi makusudi, kisije kikaondoka na mtu. Kwa hiyo mteja, awe mwalimu mkuu au utingo, sharti ainame ndipo apate moto. Nimeona wanaume wasiopiga goti kanisani wakikiinamia kiberiti hicho asubuhi, adhuhuri na jioni.

Bei yake nayo ni ya huruma. Asiye na pesa ya pakiti hakosi sarafu.

Lakini fadhila iliyo kubwa kuliko zote, ambayo nataka tuikalie kitako, ni mazoezi. Wako watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuzunguka uwanja wa Bukhungu na raba za mtumba. Jasho linawatoka, mbwa wanawafukuza, na yote hayo ili moyo upige mbio. Mvutaji ameepushiwa balaa hilo. Analala chali juu ya pikipiki yake stejini, miguu kwenye usukani, anavuta. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde zisizozidi ishirini, tezi zinamwaga adrenalini, na moyo unatimua mbio ilhali mwenyewe hajainuka. Mapigo huongezeka kumi, pengine ishirini, kwa dakika. Tupige hesabu kwa uungwana: tuseme ni kumi tu, na tuseme ni nusu saa tu. Hayo ni mapigo 300 ya nyongeza kwa sigara moja. Anayevuta tano kwa siku amejipatia 1,500, na mwaka ukiisha amepita nusu milioni. Nusu milioni, bila kufunga kamba za viatu!

Wala si mbio za tambarare. Nikotini hiyo hiyo huibana mishipa, shinikizo la damu linapanda, na moyo unalazimika kuisukuma damu katika njia iliyosongwa. Huo ni mlima, na mlima wenyewe si wa hivi hivi. Wanariadha wetu hupanda hadi Iten, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuitafuta hewa yenye oksijeni haba, na wageni hukata tiketi za ndege kuifuata hewa hiyo. Mvutaji wa Kakamega ana Iten yake mdomoni. Moshi una kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumba kikiwa kimefungwa. Gesi hiyo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Oksijeni ikija inakuta nafasi zimekaliwa. Basi moyo tulioubebesha kazi zaidi ndio huo huo tunaoupunguzia riziki. Hata Kipchoge hajapewa programu kali namna hii.

Damu yenyewe pia hupitia mafunzo. Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba kidonda, hujifunza kung'ang'aniana kama abiria wa matatu ya mwisho ya Mumias, hata pasipo na kidonda. Ukuta wa ndani wa mshipa, uliokuwa laini, unachubuka. Mafuta yanatua pale. Miaka inakwenda, njia inazidi kuwa nyembamba. Kisha siku moja bonge la damu linakwama. Likikwama kwenye mshipa unaoulisha moyo, mwanafunzi amehitimu. Likikwama kwenye ubongo, huenda akahitimu upande mmoja tu, wa kulia au wa kushoto.

Fadhila nyingine nitazipitia mbio. Hukuza uchumi wa matanga: turubai, viti vya kukodi, jeneza, fahali wa kuchinjwa, basi la kuleta maiti kutoka Nairobi. Huleta amani chumbani, kwa kuwa mishipa inayozibwa si ya moyo pekee; wenye ndoa wamenielewa. Husemwa pia kwamba hufukuza mbu, ila mbu wa huku hawajaambiwa.

Tena huwafunza watu utulivu sokoni. Nina shemeji ambaye zamani alitoka steji hadi sokoni kwa mwendo wa askari. Siku hizi husimama kwanza penye mashati ya mitumba. Anashika kola, anauliza bei, anaguna, anarudisha. Akienda kidogo anasimama tena penye viatu, anakigeuza kimoja, anachungulia soli kana kwamba ameandikiwa barua ndani yake. Wauzaji wanamwona ni mteja mgumu. Kumbe hana haja ya kununua. Anangoja kigimbi kiache kumwuma. Mishipa ya miguu imekuwa myembamba, na msuli ukitembea hulilia damu isiyofika, ukisimama hunyamaza. Daktari amemweleza waziwazi kwamba akiendelea kuvuta anaweza kupoteza vidole, pengine na mguu. Nilipomuuliza amejibu nini, alinishika bega kwa upole: "Usijali, shem. Nimepunguza. Siku hizi ni mbili tatu tu."

Mbili tatu tu! Hapo kicheko hunikauka. Hiyo "tu" ndiyo inayonikera kuliko hata moshi. Mwaka 2018 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 141 juu ya swali hilo hilo. Ilionekana kwamba mwanamume anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo anayoibeba mvutaji wa ishirini. Kwa mwanamke ni karibu theluthi. Moja kwa siku, si pakiti. Mapafu huenda yakakuhesabia kwa idadi. Moyo hauna hesabu hiyo: ukitoka ishirini ukaja moja, hatari haishuki hadi sehemu moja ya ishirini. Shemeji yangu anajipongeza kwa punguzo ambalo mishipa yake haijalipata.

Na ni nani aliyemfundisha kwamba moja si kitu? Ni hiyo biashara ya mkebe, ambayo kisheria haifai kuwepo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Pakiti yenyewe isipungue sigara kumi. Inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Inakataza kuvuta hadharani. Dirisha langu linaangalia makosa yote matatu kwa wakati mmoja. Vijana wa shule hufika jioni, shati nje ya suruali, mmoja akisema ametumwa na mjomba. Mjomba gani huyo anayetuma watoto wanne kununua sigara moja?

Kisha likaja suala la picha. Kanuni za 2014 zilitaka pakiti zibebe maonyo ya picha. Kampuni ya BAT Kenya ilizipinga kanuni hizo mahakamani, ikashindwa, ikakata rufaa, ikashindwa tena, na mnamo Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikatupilia mbali rufaa ya mwisho. Ushindi mkubwa, nasema bila kejeli. Lakini anayenunua moja moja haioni pakiti. Sigara inamfikia ikiwa uchi, nyeupe, haina neno wala picha. Picha hizo za maonyo huzitazama mama wa kibanda peke yake anapomimina pakiti mkebeni, naye havuti. Mawakili wamegombana miaka minne ili onyo lisomwe na mtu asiyelihitaji.

Simlaumu mama huyo. Faida yake kwa sigara moja haitoshi kununulia andazi. Nawalaumu kanjo, askari wa kaunti, wanaokuja kila asubuhi kuchukua ada ya soko, wakasimama hatua moja kutoka kwenye mkebe, wakaandika risiti, wakaondoka. Na mmoja wao, kabla ya kuondoka, akainamia kiberiti. Nailaumu serikali inayokula kwa mikono miwili. Mmoja hupokea ushuru kwa kila pakiti. Wa pili uko kwenye hisa: NSSF, mfuko unaokata mishahara yetu ili tusitaabike uzeeni, umewahi kuwa miongoni mwa wanahisa wakubwa wa BAT Kenya. Anayesimamia mpango huo anajua hesabu. Pensheni rahisi kuliko zote ni ya mtu asiyeufikia uzee.

Na mvutaji akipata shambulio la moyo huku kwetu, aende wapi? Jengo la hospitali kubwa ya rufaa, lililoanzishwa enzi za Gavana Oparanya, lilikwama kwa miaka huku nyasi zikikua. Mgonjwa anaandikiwa barua ya rufaa kwenda Eldoret. Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Barabara ya Eldoret inataka saa.

Kwa hiyo nimeacha kungoja kanjo, nazungumza na wavutaji wenyewe. Sigara ikizimwa, mapigo na shinikizo huanza kushuka ndani ya dakika ishirini. Siku haijaisha, kaboni monoksidi imekwisha toka kwenye damu. Mwaka mmoja ukipita, hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo imepungua kwa nusu. Mtafiti Richard Doll aliwafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia 1951, na matokeo ya miaka 50 yakatolewa 2004: waliovuta maisha yao yote walikufa takriban miaka kumi mapema kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 60 walirudishiwa kama mitatu, wa 50 kama sita, wa 40 kama tisa, na walioacha wakiwa na 30 karibu yote kumi. Hamu ikikushika huchukua dakika chache kisha hupita. Tembea, kunywa maji, mpigie mtu simu, hata mimi nitapokea.

Shem, na nyote mnaosema mmepunguza: hizo mbili tatu zilizobaki ndizo za kuacha. Acheni zote.