Itifaki Imezingatiwa: Sifa za Mheshimiwa Chura

Itifaki imezingatiwa. Naomba Mheshimiwa Chura apewe kiti cha mbele, na wenye kinyaa wavumilie.

Sisi wa Nyamigogo, mkoani Kagera, tunamfahamu. Mvua za vuli zikijaza vidimbwi vya bondeni, anakesha akitangaza ndoa yake bila kibali cha mtendaji wa kijiji, na hakuna mgambo anayethubutu kumnyamazisha. Anaingia jikoni bila hodi. Ukimsukuma kwa ufagio anakukojolea, kisha anatoka polepole kama mwenye nyumba. Hana shingo, hana kiuno, hana aibu. Ila kazi ya kula wadudu usiku kucha anaifanya bila posho wala semina elekezi.

Wahenga walimdharau, eti kelele zake hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wahenga hawakufika Kihansi.

Huko, kwenye korongo la milima ya Udzungwa, mwaka 1996 wataalamu walimkuta ndugu yake wa rangi ya manjano, mfupi kuliko kidole gumba. Huyo hatagi mayai, anazaa vichura kamili. Hata sikio la nje hana. Nadhani alichoka kusikia maporomoko. Himaya yake duniani kote ilikuwa hekta mbili hivi za majani yaliyolowanishwa na manyunyu ya maporomoko hayo.

Na maji hayohayo ndiyo liliyoyataka taifa kwa umeme, megawati 180, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya mto ikachepushwa, manyunyu yakakatika. Hapo ndipo cheo cha Mheshimiwa kilipoonekana. Akafungiwa mabomba ya kumnyunyizia korongoni, wakati mama zetu wanabeba ndoo kichwani. Wenzake 500 kasoro mmoja wakapandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Nani kwetu amewahi kupata viza kirahisi hivyo?

Waliobaki walikwisha. Kiu iliwadhoofisha, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi, unaoua vyura mabara mengi, ukaonekana korongoni. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Wajukuu waliozaliwa Marekani wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, tena bila cheti cha kidato cha sita, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Ng'ombe wa umeme bado anakunywa, lakini siku hizi analazimika kumbakizia chura kiasi.

Kagera tuna msitu wa Minziro kule Missenyi, unaofurikiwa na Mto Kagera kila msimu, na tuna mabonde haya tunayoyachimbia mifereji hadi yakauke, tupande mpaka ukingoni mwa maji. Vyura wa huku hawadai ndege wala bomba. Wanadai bonde libaki na tope lake na matete yasichomwe yote, dai ambalo hata halmashauri yenye bajeti nyembamba inalimudu.