Sifa za Hema la Gramu 900

Wapo watu, tena wengi, wanaodhani kwamba hema la msafiri wa pikipiki ni kitu cha kulalia. Sina nia ya kuwalaumu; ndivyo walivyolelewa. Lakini yeyote aliyewahi kuliweka hema la gramu 900 kwenye mizani ya jikoni, akalitoa katika mfuko wake, akalipima upya, kisha akaanza kupima kigingi kimoja kimoja ili ajue kipi kibaki nyumbani, anafahamu kwamba usingizi una nafasi ndogo mno katika shughuli hii. Nawe msomaji unafahamu. Mizani unayo, na hapo nyumbani wameshaacha kukuuliza kwa nini ina vigingi badala ya unga.

Msingi wa yote ni uzito. Pikipiki kubwa ya safari, tuseme BMW R 1250 GS Adventure, ina kilo 268 ikiwa imejazwa mafuta, na tangi lake huchukua lita 30. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Kwa hiyo muungwana anayeacha hema la kilo 2 na kuchukua hili la gramu 900 amejipunguzia uzito wa lita moja na nusu ya petroli, kiasi ambacho injini yenyewe humpunguzia bila malipo yoyote kabla hajafika Isiolo akitokea Nanyuki. Mwenye fikra fupi atasema faida ni ndogo. Huyo hajatofautisha wepesi unaoletwa na injini na wepesi ulionunuliwa kwa mshahara wa miezi miwili. Ule wa kwanza hupotea kwenye kituo cha mafuta. Huu wa pili mtu hubaki nao, pamoja na deni lake. Dereva wa bodaboda hupakia magunia mawili ya mkaa, abiria na jogoo, akapanda mlima huku akiongea na simu. Namheshimu sana. Hata hivyo, hajapata kuonja utulivu wa moyo anaoupata mtu aliyekata mpini wa mswaki wake.

Tazama sasa kitambaa. Wembamba wa nyuzi hupimwa kwa denia: uzi wa denia 1 ukiwa na urefu wa mita 9,000 huwa na uzito wa gramu 1. Sakafu za mahema mengi ya kawaida zina nyuzi za denia 70. Yetu ina 15. Sakafu ya denia 15 haimfichi mtu chochote. Mwiba wa mgunga ukiwa chini yako utaujua, na godoro lako la kupuliza litaujua kabla yako. Ndiyo sababu mtengenezaji ameona vema kuuza kando kitambaa cha kutandika chini ya sakafu hiyo, kwa bei yake, na uzito wake usiingizwe katika zile gramu 900. Naupenda utaratibu huu: mtu hupata ugonjwa na dawa katika duka moja, na hesabu ya uzito haiharibiki.

Lakini fahari ya hema jepesi ni ule ukuta wake mmoja. Hema zito lina kuta mbili, wa ndani wa kupitisha pumzi na wa nje wa kuzuia mvua. Letu limeutambua ukuta wa pili kuwa anasa. Pumzi ya mlalaji hupanda, hukutana na kitambaa baridi, na hugeuka maji. Pale Lushoto, katika milima ya Usambara, usiku wenye ukungu, kazi hii hukamilika mapema. Kufikia saa kumi alfajiri matone yamejipanga kwenye mshono wa paa. Yananenepa taratibu. Mawili yanaungana, yanasita, kisha upepo unaligusa hema kidogo tu, nayo yanashuka kwenye shingo. Watu wa mahema mazito hungoja masika ndipo walowe, tena mpaka watoke nje. Sisi hatutegemei mawingu. Hata kiangazi tunayo mvua yetu, ya ndani, isiyomnyima mtu mmoja ikampa mwingine.

Tena nailoni hunyonya unyevu na kulegea, hivyo paa huteremka polepole usiku kucha likimfuata mwenyewe, mpaka limguse paji la uso. Asiyependa kuguswa hutoka akakaze kamba. Nani angetoka kuvuta hewa safi ya milimani saa nane usiku, akiwa na kaptula, kama paa lake lingekuwa limetulia?

Ukitaka kuliona hema hili katika ubora wake wote, lipeleke Loiyangalani, ufukweni mwa Ziwa Turkana, ambako upepo hushuka kwa nguvu kutoka Mlima Kulal. Upepo wa nyanda hizo ni wa kuaminika kiasi kwamba imesimikwa mitambo 365 ya kufua umeme, yenye uwezo wa megawati 310. Hema letu halina nguzo zake. Husimama kwa vigingi na kwa fimbo mbili za kupandia milima, ambazo mwendesha pikipiki hana kazi nazo na kwa hiyo hulazimika kuzinunua. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano. Kigingi cha titani kikigongwa juu ya jiwe hilo hupinda kwa adabu, bila kelele, na cha pili hukifuata. Hapo kamba hufungwa kwenye pikipiki, na zile kilo 268 hatimaye hupata sababu ya kuwepo. Mwenye hema hulala chali, macho wazi, ameshika fimbo moja kwa kila mkono hadi kunapambazuka. Mwenye hema zito hawezi kueleza lilisimamaje usiku ule, kwa kuwa alikuwa amelala. Wa kwetu anaweza kueleza dakika kwa dakika.

Kuhusu nafasi sina mengi. Limeandikwa kuwa la watu wawili, na wanaingia, mradi wawe wanapendana na wasiwe na mizigo. Mabuti na helmeti hubaki nje. Asubuhi hukung'utwa, maana nge nao hutafuta pa kulala.

Najua unajiuliza kama gramu 900 ndio mwisho. Sivyo. Yapo ya kitambaa cha Dyneema yanayoshuka chini ya gramu 600, hasa yakinunuliwa bila sakafu, nami nimeshalipa malipo ya kwanza. Mke wangu aliuliza nge watazuiwa na nini. Nikamweleza kwamba sakafu ilikuwa na gramu 210, na nge mzima hafiki hata robo ya hapo.