Yah: Pongezi kwa Kuvifungia Vitabu Redio

Ndugu Mkurugenzi wa Maktaba,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nikiwa msomaji mwenye kadi tangu enzi za katalogi ya droo, nakupongeza kwa mradi wa kubandika kila kitabu chipu ya mawimbi ya redio. Singapore walianza mwaka 1998, foleni za kuazima zilipowachosha. Sisi foleni hiyo hatuna. Wanaojipanga hapa asubuhi wanawahi viti vilivyo karibu na soketi, wachaji simu. Lakini maandalizi ni maandalizi.

Wabishi wanalalamikia gharama. Nimewaambia kibandiko kimoja ni bei ya maandazi mawili tu. Wakaniuliza: na malango ya kunasa wezi? Na mashine za kuvisoma? Na leseni ya programu inayolipiwa kila mwaka, na vijana wa kushika kitabu kimoja kimoja, wabandike, wasajili? Nikahama meza.

Juzi nilipita rafu ya 896.392, makao ya fasihi ya Kiswahili. Nikakuta riwaya iliyoshonwa mgongo kwa uzi wa fundi viatu, kurasa saba za mwisho hazimo, muhuri wa mwisho wa kurudisha ni wa 1994. Ndani ya jalada la nyuma, kibandiko kipya kinang'aa. Riwaya hiyo ikiibwa sasa, lango litapiga kelele. Kurasa zikinyofolewa, lango halina habari. Chipu imebaki jaladani.

Kuna kajambo ka kiufundi. Chipu haina betri, huamshwa na lango, na lango nalo huamshwa na umeme, huu huu tunaoujua. Tena mawimbi yenyewe hayaelewani na chuma, na rafu zetu zote ni za chuma. Mwanafunzi mwenye foili ya kufungia kuku anakizungushia kitabu, anapita akiwasalimu wahudumu.

Jumanne umeme ulikatika. Yule mzee wa mlangoni, mliyemuaga kwa keki mkisema lango limechukua kazi yake, akaitwa mbiombio apekue mikoba. Nasikia mmemrudisha kwa mkataba: analinda lango, nyaya zisiibwe.

Nasikia pia kwamba fedha za vitabu vipya zimekwisha, ila vibandiko vimebaki roli kadhaa. Basi naomba niazimishwe roli moja, kwa wiki mbili. Nitairudisha kabla ya tarehe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye kadi