Fyushia Mbele ya Mahakama ya Ploti

Jana jioni keateka aliinua mtungi wangu wa lita 20 mbele ya wapangaji wote, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye jibu tayari: "Maji ya tangi yanaenda wapi?" Macho yote yakapanda hadi roshani yangu, ambako kikapu changu cha maua ya fyushia kilikuwa kikichuruzika juu ya shuka nyeupe za jirani wa chini.

"Mama Tumaini," akasema jirani huyo polepole, "sisi tunaoga kwa kopo, wewe unaogesha maua?"

Watoto wakacheka. Baba Tumaini, niliyedhani ni wakili wangu, akatikisa kichwa kukubaliana na upande wa mashtaka. Nikafungua kinywa kujitetea. Tone jingine likatua kwenye foronya. Kijana akatumwa kuleta kielelezo. Kikapu kikawekwa katikati ya uwanja, maua yakining'inia kama herini za bibi harusi, na kila mpangaji akapewa nafasi ya kutoa maoni. Mmoja aliuliza kama ua hilo linaliwa. Tunda lake huliwa, lakini haikuwa saa ya kumwambia.

Ua hili ni laghai tangu zamani. Mtawa Mfaransa, Charles Plumier, alilikuta visiwani Karibi mwishoni mwa karne ya 17, akalipa jina la Leonhart Fuchs, tabibu Mjerumani aliyefariki 1566. Fuchs alipata sifa zote bila kubeba hata mtungi mmoja.

Jamii nyingi za fyushia zimetoka milima ya Amerika ya Kusini, kwenye ubaridi na ukungu. Jua la saa saba likiwaka, majani hutoa maji kupitia vitundu vyake upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hata udongo ukiwa tepetepe. Majani yanalegea. Unaona kiu, unamwaga kopo. Maji yanajaza nafasi za hewa udongoni, mizizi inakosa pumzi, inaoza. Mzizi uliooza hauvuti maji, basi majani yanalegea zaidi, nawe unaongeza kopo. Yaani ua linakufa kiu huku limezama! Lingewekwa kivulini tangu mwanzo, jioni lingesimama lenyewe bila kudai tone.

Kinachotakiwa ni kidole. Kizamishe udongoni hadi kiungo cha pili: pakiwa na unyevu, ondoka, pakiwa pakavu, mwagilia asubuhi. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, na utumie chungu kikubwa, maana kidogo hukauka haraka.

Mbinu nyingine za kubana maji nilizijaribu, zikashindwa: chupa ya kudondoshea niliyoitoboa ilichukuliwa na mwokota chupa. Maji ya kufulia yalibabua majani.

Lakini nami nina shtaka. Maji ya mgao yanaporudi, husukuma mbele yake hewa iliyojaa kwenye mabomba, na mita ya kuzunguka huweza kuihesabu hewa hiyo kama maji. Tumelipia upepo, ploti nzima, na hakuna aliyeitisha mkutano. Bili ikija tunanung'unika jikoni. Mama akionekana na kopo la maua, tunakaa kikao.

Wapangaji wenzangu, kikao kijacho mshtakiwa awe mita. Fyushia hainywi hata nusu ya tunachotozwa kwa hewa.